Somo la kwanza la dawa lisibaki chuoni



Ndugu msomaji, katika safu hii tumezoea kuzungumzia usafi wa vyoo, kuchemsha maji ya kunywa, kunawa mikono na kufukia madimbwi. Leo naomba tuingie mahali ambapo wengi wetu huwa hatuingii, nako ni ndani ya kidonge. Nina sababu ya kuomba hivyo, na naanza kwa kuieleza kwa kuwa ni kosa langu mwenyewe.

Mwaka juzi, katika msimu wa masika, binti yangu wa miaka sita alipata homa. Tulimpeleka kupimwa, akakutwa na malaria, tukapewa dawa ya mseto, ile tunayoiita Alu. Aliyetukabidhi dawa alisema maneno machache tu: "Mbili asubuhi, mbili jioni, siku tatu." Mtoto akaanza dawa. Kufika asubuhi ya siku ya pili, baada ya dozi ya tatu, homa ilikuwa imekwisha na binti anaruka kamba uani na wenzake. Mimi baba yake nikajiona mwerevu. Nikasema amepona, kwa nini tumchoshe mtoto kwa vidonge vichungu? Vidonge sita vilivyobaki nikaviweka kabatini, viwe akiba.

Akiba ile haikukaa sana. Siku tatu baadaye mtoto wa jirani, wa miaka mitatu, akaamka na homa. Mama yake akaja kubisha hodi, na sisi kwa kuona tunafanya ihsani tukampa vile vidonge. Hakuna aliyempima mtoto. Ilichukua siku mbili nzima kugundua kwamba hakuwa na malaria hata kidogo. Alikuwa na nimonia, anahema haraka haraka na kifua kinabonyea. Alifikishwa hospitali akiwa hoi. Na siku ya kumi na mbili tangu binti yangu aanze dawa, homa yake ikarudi, safari hii na degedege. Daktari wa zamu aliniuliza swali moja tu: "Dawa ya mwanzo mlimaliza?" Nikainamisha kichwa.

Alhamdulillah, watoto wote wawili wako hai. Lakini tangu siku ile najiuliza: mimi ni mtu niliyesoma, naandika gazetini, nawahimiza watu usafi. Ilikuwaje nisijue kwa nini dawa ile ni ya siku tatu na si ya siku moja na nusu? Jibu ni kwamba hakuna aliyewahi kunieleza, na mimi sikuwahi kuuliza.

Aliyekuja kunieleza ni mpwa wangu, anayesomea ufamasia katika chuo kikuu. Alikuja Bagamoyo wakati wa likizo, akanikuta barazani, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamsimulia yaliyotupata. Akaniambia: "Mjomba, hilo unalouliza ndilo somo letu la kwanza kabisa mwaka wa kwanza." Maneno hayo yalinichoma. Iweje somo la kwanza la chuoni liwe ndilo lile ambalo lingemwokoa mtoto wa jirani yangu, na sisi huku uswahilini hatulijui?

Hoja ya makala hii ni hiyo. Somo la kwanza la dawa na la seli halifai kubaki chuoni. Tulitoe, tulilete barazani, madrasa na dukani. Na ili nisionekane natoa lawama tupu, hebu tulipitie somo lenyewe kama nilivyoelezwa.

Seli na wavu wa mvuvi

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Wataalamu wanakadiria mtu mzima ana seli zipatazo trilioni 30. Kila seli ina utando mwembamba unaoizunguka, na ndani yake mna shughuli kama za mji: kuna kiini kinachohifadhi maelekezo, kuna viwanda vya kutengenezea protini viitwavyo ribosomu, na kuna mitokondria zinazotoa nguvu. Subhanallah, yote hayo yamo katika kitu kidogo kuliko chembe ya unga.

Bakteria naye ni seli, lakini seli ya namna nyingine. Nje ya utando wake wengi wao wana ukuta mgumu, na ribosomu zake zina umbo tofauti na zetu. Kimelea cha malaria nacho ni seli, kinachoingia ndani ya chembe nyekundu za damu yetu na kula humo humo. Kirusi, kama cha mafua, si seli kabisa. Hakina ukuta, hakina ribosomu, hakina kiwanda chochote cha kwake. Kinaingia katika seli yetu na kutumia viwanda vyetu.

Sasa swali la msingi la elimu ya dawa ni hili: dawa inajuaje nani mwenyeji na nani mgeni? Mpwa wangu alinijibu kwa mfano wa hapa hapa pwani. Mvuvi anayetaka nguru hatupi wavu wa dagaa. Anachagua macho ya wavu ili ainase samaki anayoitaka, mwingine apite. Dawa nzuri nayo hutafuta kitu ambacho adui anacho na sisi hatuna, au alichonacho kwa umbo tofauti na letu, ikanasa hapo.

Penisilini na ndugu yake amoksilini zinanasa kwenye ukuta. Bakteria anapokua hujenga ukuta wake kama fundi anavyojenga nyumba ya mawe na chokaa. Dawa inamzuia fundi asitie chokaa. Mawe yapo, hayashikani, na kwa kuwa ndani ya bakteria mna msukumo mkubwa, ukuta unapasuka. Seli zetu hazina ukuta wa namna ile, kwa hiyo hazidhuriki kwa njia hiyo. Tetrasaiklini yenyewe inanasa kwenye ribosomu za bakteria, kile kiwanda chenye umbo tofauti na letu, kikasimama.

Ukilielewa hilo tu, ndugu yangu, umeshajua kwa nini mafua hayaponi kwa vidonge vya rangi mbili. Kirusi cha mafua hakina ukuta wala kiwanda cha kupigwa. Unatupa wavu mahali pasipo na samaki. Utakayempiga ni bakteria asiye na hatia anayeishi tumboni mwako kwa manufaa yako, ndiyo maana wengine wakila dawa hizo huharisha. Mafua yatakwisha yenyewe kwa siku zake, na wewe utasema rangi mbili ndizo zilizoniponya.

Siku tatu za Alu

Turudi kwenye kosa langu. Kimelea cha malaria kilichozoeleka kwetu huchukua saa 48 hivi ndani ya chembe nyekundu ya damu, kisha chembe hupasuka na kutoa vimelea vipya 16 au zaidi, kila kimoja kikatafute chembe yake. Kupasuka huko ndiko kunakoleta homa na kutetemeka.

Vidonge vya Alu vina dawa mbili kwa pamoja: atimetha na lumefantrini. Atimetha ni mkali na mwenye haraka. Inaua vimelea wengi kwa muda mfupi, lakini haikai, kwani baada ya saa mbili tatu nusu yake imeshatoka katika damu. Lumefantrini ni mpole na mvumilivu, nusu yake huchukua siku kadhaa kutoka. Mmoja anafyeka shamba, mwingine anabaki kung'oa visiki.

Tupige hesabu. Dawa za jamii ya atimetha hupunguza vimelea kwa takriban mara 10,000 katika kila mzunguko wa saa 48. Tuchukue mgonjwa mwenye vimelea bilioni 10. Baada ya mzunguko mmoja atabakiwa na milioni 1. Baada ya wa pili atabakiwa na 100, na hao wachache ndio lumefantrini itawamaliza ikiwa imejaa vya kutosha mwilini. Lakini angalia: mgonjwa mwenye vimelea milioni 1 hana homa tena, anaruka kamba. Mimi nilimtazama mtoto nikaona afya. Ndani ya damu yake adui alikuwa bado na jeshi, na mimi nilikuwa nimeshaondoa silaha uwanjani.

Kuna jambo la pili ambalo sikuambiwa. Lumefantrini haiyeyuki vizuri katika maji, inapenda mafuta. Katika majaribio kwa watu wazima wenye afya, iliingia katika damu hadi mara 16 zaidi ilipoliwa pamoja na chakula chenye mafuta mengi kuliko ilipomezwa tumbo likiwa tupu. Wala si lazima mafuta mengi, maziwa kidogo yanasaidia. Sisi watu wa pwani tumeneemeshwa minazi. Uji uliotiwa tui, wali wa nazi, au kipande cha samaki wa kukaanga vinatosha kuifanya dawa ile ile, kwa bei ile ile, ifanye kazi yake sawasawa. Ni wangapi kati yetu tunaimeza Alu kwa maji matupu kwa sababu mgonjwa "hana hamu ya kula"?

Jambo la tatu: "asubuhi na jioni" haitoshi kwa siku ya kwanza. Dozi ya pili ya Alu hutolewa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha zinazofuata asubuhi na jioni, siku ya pili na ya tatu. Na idadi ya vidonge hufuata uzito wa mgonjwa. Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi hula vinne kila dozi, jumla 24. Mtoto wa kilo 15 hadi chini ya 25 hula viwili, jumla 12. Kwa hiyo "akiba" haiwezi kuwepo. Kama kidonge kimebaki, basi ujue kuna dozi haikuliwa.

Tulivyoipoteza klorokwini

Wazee wetu wanaikumbuka klorokwini na mwasho wake. Ilikuwa dawa rahisi na ya kila nyumba. Ilivyofanya kazi ni ajabu. Kimelea hula hemoglobini ya damu yetu ndani ya kimfuko kidogo ambacho ni tumbo lake, na masalia ya chakula kile yana chuma chenye sumu kwake. Yeye hujiokoa kwa kuyagandisha yawe chenga. Klorokwini huingia katika kile kimfuko na kuzuia mgando, basi kimelea kinakufa kwa taka zake mwenyewe.

Lakini ikatokea vimelea wachache wenye badiliko katika mlango mmoja wa kimfuko hicho, wakawa wanaisukuma dawa nje. Penye dawa nyingi isiyotumiwa vizuri, wale wasiobadilika walikufa na hao waliobadilika wakabaki kuzaana. Ndiyo maana mwaka 2001 Tanzania ililazimika kuiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria na kutumia SP. SP nayo haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 2006 ndipo ilipoingia dawa ya mseto. Katika miaka isiyozidi sita tulibadilisha dawa mara mbili.

Wenzetu wa Malawi waliiacha klorokwini mapema, mwaka 1993, na baada ya miaka kadhaa ya kutoitumia vimelea sugu vilipungua hata utafiti uliofanyika Blantyre ukaonyesha dawa ile imerudi kuwa na nguvu. Hapo pana somo: usugu huletwa na matumizi, na matumizi ni sisi.

Leo hali inatisha upya. Watafiti wameripoti mkoani Kagera, kama ilivyoripotiwa Rwanda na Uganda, vimelea vyenye mabadiliko yanayovifanya vichelewe kufa kwa dawa za jamii ya atimetha. Bado dawa ya mseto inaponya, hakuna sababu ya kuikimbia. Lakini onyo limeshatolewa. Kagera ni mbali na Bagamoyo, ila mbu na mabasi hawajui mipaka ya mikoa.

Na kwa upande wa bakteria, wataalamu wamekadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipokwenda kupokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba atakuja mtu atakayetumia dozi ndogo na kuwafundisha wadudu usugu. Mtu huyo ndiye mimi na kabati langu.

Ili nisieleweke vibaya, sisemi kwamba dawa nyingi zaidi ndiyo salama zaidi. Siku hizi madaktari wamefupisha siku za baadhi ya antibaotiki baada ya kuona zilikuwa zikitolewa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Lakini mwenye kufupisha ni daktari aliyepima, wala si baba aliyemwona mtoto anaruka kamba.

Ini nalo lina hesabu yake

Wengi tunadhani dawa ikiwa haina madhara kidogo basi haina madhara nyingi. Chukua parasitamo, tunayoiita panado. Kwa kiasi chake ni dawa salama sana. Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ini linaposafisha parasitamo, sehemu ndogo hugeuka sumu, na ini lina akiba ya kinga ya kuizima. Mtu akizidisha, akiba huisha, na sumu ile hushambulia seli za ini lenyewe. Hatari zaidi ni kuwa siku ya kwanza huenda asihisi kitu kikubwa. Na dawa nyingi za mafua madukani zina parasitamo ndani yake, hivyo mtu hula mara mbili bila kujua.

Tofauti ya dawa na sumu mara nyingi ni kipimo. Wanazuoni wetu wa zamani hawakulipuuza hilo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Al-Qanun aliweka masharti ya kuijaribu dawa kabla ya kuiamini, na elimu yake ilisomeshwa Ulaya kwa karne nyingi. Sisi tunaojivunia jina lake tunakula dawa kwa kukisia.

Na wale wanaosema dawa za hospitali ni kemikali, bora mwarobaini wetu, nawaambia hivi: asili ya atimetha ni mmea. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuitoa asili ya dawa hiyo katika mmea uliotajwa katika tiba za kale za kwao. Mitishamba haidharauliki. Lakini katika kikombe cha majani yaliyochemshwa hujui umepata kiasi gani, na kiasi ndiyo hoja yote.

Mwezi wa Ramadhani

Hapa nitasema kidogo kwa kuwa ni jambo letu hasa. Kila Ramadhani tunao wagonjwa wanaojipangia dawa zao upya. Dawa ya mara tatu wanaigawa futari na daku. Wengine wanameza dozi mbili kwa mpigo ili "kufidia".

Tazama saa. Huku kwetu tunafuturu karibu saa 12:30 jioni na tunakoma kula karibu saa 11 alfajiri. Kutoka futari hadi daku ni kama saa 10 na nusu, na kutoka daku hadi futari ni kama saa 13 na nusu. Dawa ya kila saa 8 haiingii katika nafasi hizo. Itashuka mchana kutwa hadi chini ya kiwango cha kumuua adui, na adui atatumia nafasi hiyo. Ukimeza mbili kwa pamoja, unakwenda juu kuliko inavyotakiwa kisha unashuka vile vile.

Mgonjwa ana ruhusa ya kufuturu na kulipa siku nyingine, na ruhusa hiyo imo ndani ya Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara. Masheikh wetu watalieleza hilo vizuri kuliko mimi. Ninalotaka kusema ni kwamba kabla ya kubadili saa za dawa, muulize daktari au mfamasia. Pengine ipo dawa ya mara moja kwa siku inayofaa, pengine haipo. Hasa wenye kisukari, shinikizo la damu na kifafa, wasingoje Ramadhani ianze ndipo waulize.

Deni la Bagamoyo

Mji wetu una historia katika mambo haya. Sewa Haji, mfanyabiashara mkubwa wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali, na hospitali iliyobeba jina lake Dar es Salaam ndiyo iliyotangulia Muhimbili ya leo. Vijana wetu wanaosomea udaktari na ufamasia Muhimbili wanasoma mahali ambapo chimbuko lake limo katika sadaka ya mtu wa Bagamoyo.

Na katika miaka yetu hii, kituo cha utafiti cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo Bagamoyo kimeshiriki katika majaribio ya chanjo zote mbili za malaria zinazotambulika duniani. Ya kwanza, RTS,S, ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na ya pili, R21, mwaka 2023. Chanjo hizo zilijaribiwa pia katika nchi nyingine za Afrika, lakini na watoto wetu walikuwemo. Akina mama walibeba watoto wao mgongoni, wakapanda magari kutoka vijijini, wakasubiri kwenye mabenchi, watoto wakatolewa damu. Dunia imefaidika kwa mikono ile.

Basi mimi naona ni deni. Mama aliyetoa mtoto wake ili dunia ijue chanjo inafanya kazi, anastahili kuelezwa kwa lugha yake kidonge anachopewa kinafanya nini. Haitoshi kumwandikia "2x2" kwenye bahasha na kumwambia "anayefuata".

Najua atatokea mtu wa kusema kuwa mambo ya seli na ribosomu ni ya wasomi, mwananchi wa kawaida hayamfai. Mimi simkubali. Mvuvi wa hapa anajua bamvua na maji mafu, anajua kusi na kaskazi, anahesabu tarehe za mwezi na kujua saa ya kutoka na saa ya kurudi. Hiyo ni elimu nzito kuliko ya kimelea cha saa 48. Mtu huyo huyo akielezwa kwamba dawa ni wavu na dozi ni macho yake, ataelewa kabla hujamaliza sentensi. Tatizo ni kwamba hatuelezwi, na walioelezwa wamejifunza kwa Kiingereza, wakafanya mtihani, wakasahau kurudi nalo nyumbani.

Tufanye nini?

Kwanza, ninyi vijana mnaosoma vyuoni. Mkija likizo, ombeni dakika 15 baada ya swala ya alasiri. Mueleze jambo moja tu kila siku: leo ukuta wa bakteria, kesho siku tatu za Alu, kesho kutwa parasitamo. Asiyeweza kumweleza bibi yake somo lake kwa Kiswahili, na ajue kwamba somo lenyewe bado hajalielewa.

Pili, maimamu na walimu wa madrasa wawafungulie mlango vijana hao. Watoto wanaofundishwa twahara na udhu wana akili ya kufundishwa pia kwamba dawa haigawanwi.

Tatu, watoa dawa wa vituo na maduka ya dawa muhimu. Tunajua foleni ni ndefu. Lakini semeni mambo matano: dawa hii inaitwaje, ni ya nini, iliwe saa ngapi, iliwe na nini, na iishe lini. Hayazidi dakika moja. Na asiye na cheti cha daktari asiuziwe antibaotiki nusu dozi kwa kuwa ana shilingi chache. Kumuuzia vidonge vinne vya amoksilini si huruma.

Nne, sisi wenyewe. Tuulize. Homa ipimwe kwanza kabla ya dawa, maana si kila homa ni malaria. Tusigawane vidonge, tusiweke akiba, tusimeze dawa iliyompona jirani.

Binti yangu sasa ana miaka minane. Juzi alipata homa tena, tukapima, ikawa malaria. Safari hii nilimpikia uji wa tui, nikabandika karatasi ukutani yenye mistari sita, na kila dozi alipomeza nilimpa kalamu akate mstari mwenyewe. Siku ya pili alikuwa ameshaanza kucheza. Alipoona namwita ameze dozi ya nne, akaniuliza: "Baba, si nimeshapona?" Nikamwambia akae, nikamwonyesha kwa kokoto mchangani jinsi bilioni 10 zinavyokuwa milioni 1, na milioni 1 zinavyokuwa 100. Akazitazama zile kokoto za mwisho, akanywa dawa yake.

Mtoto wa miaka minane ameelewa. Hatuna udhuru sisi watu wazima.

Wabillahi tawfiq.